Lenzi ya Kukamatia Ndege

Mwanzoni mwa miaka ya sabini nilikuwa taipisti katika ofisi moja katikati ya mji, tukiishi Riruta, na nilikuwa na wazimu wa ndege. Sisemi njiwa; nasema zile za injini. Kila palipokuwa na maonyesho ya ndege nilikwenda na kamera niliyoachiwa na bosi wangu alipohama nchi. Shida ni kwamba lenzi yake ilifaa harusi tu. Picha ziliporudi kutoka studio, mume wangu alizipeleka dirishani akaniuliza kama nzi hawa ni wa hapa Riruta ama wa ng'ambo.

Kwa hiyo Jumamosi moja tulikwenda mjini kununua lenzi ya kuvuta mbali. Mwenye duka, mzee wa Kihindi mwenye adabu nyingi, alimsalimia mume wangu, akamwonyesha mume wangu lenzi mbili, akamweleza mume wangu tofauti. Moja ilikuwa ya milimita mia mbili, fupi, haina makuu. Nyingine ilikuwa ya mia nne, nene kama paja la ng'ombe. Mume wangu, asiyejua hata filamu inaingilia wapi, aliipakata ile ndefu akatikisa kichwa kama fundi. Kaka yake wa Kileleshwa, mkubwa fulani serikalini, alikuwa na kama hiyo, na katika ukoo wao kitu kizuri ni kile kisichoingia mlangoni.

Niliomba kuzijaribu nje. Juu ya barabara mwewe walikuwa wakizunguka wakivizia mabaki ya nyama sokoni, nami nikaona hao watanitosha kwa ndege. Nilianza na ile ndefu. Nikimtafuta mwewe, naona wingu. Nikimpata, mikono inatetemeka, naye ameshapita. Kwa ile fupi nilimshika mmoja tangu juu ya paa mpaka alipojirusha chini, bila kumpoteza.

Nilipoishusha kamera nilikuta nusu ya mtaa imesimama ikitazama juu. Bwana mmoja mwenye tai aliniuliza kwa upole kama mtu ameshaamua kuruka kutoka ghorofani, ama bado anafikiria. Mwenye duka alikuwa ameshika mkanda wa kamera yangu kwa mikono miwili, macho kwa umati, akihofia lenzi yake isiibwe.

"Nachukua hii fupi," nikamwambia.

Alimtazama mume wangu kupata uamuzi. Mume wangu alinitazama mimi, akaona heri airudishe ile ndefu kwenye kabati.

Maonyesho yalipofika, shemeji yule wa Kileleshwa naye alikuja, na lenzi yake juu ya stendi ya miguu mitatu. Alitupangia watu wote mahali pa kusimama. Kusema kweli, ndege zilizopita juu sana zilimfaa yeye; kwangu zilibaki nzi, ingawa nzi walionona. Kisha ndege ya kivita ikaja chini, karibu kuchana nyasi. Shemeji alijizungusha na mtambo wake kuifuata, akaiangusha kofia ya askofu aliyeketi mbele yetu. Kofia ikabingirika. Shemeji akaikimbilia akiomba radhi, na ndege ikapinduka tumbo juu mbele yangu, imejaa kwenye fremu, nami nikabonyeza. Askofu alicheka kuliko sisi sote.

Picha ile ilitoka safi, hata kofia ya chuma ya rubani ilionekana. Shemeji aliomba nakala, nikampa. Tulipoitwa kwake kwa chakula tuliikuta sebuleni, ndani ya fremu ya dhahabu, naye akiwaeleza wageni jinsi alivyosubiri mwanga. Mgeni mmoja akauliza imepigwa kwa lenzi gani. Shemeji akajibu kwamba ni ile yake ya mia nne.

Mume wangu alinikanyaga mguu chini ya meza. Nilikuwa nimeshafungua mdomo.

"Kwa ile yako, shemeji, tungeona gurudumu moja na askofu."

Ilibidi aeleze habari ya askofu, kwa kuwa wageni hawakukubali kula mpaka waisikie. Aliieleza vizuri sana, hata akaigiza alivyokimbia, mpaka mkewe akatoka jikoni kuja kutazama. Tulipokuwa tukiaga shemeji alinivuta kando akaniuliza kama ningemwazima lenzi yangu kwa maonyesho yanayofuata. Nikamwambia siku hiyo nitakuwa naitumia, lakini anaweza kuja kunibebea begi.