Mgeni Niliyemtuma Akaoshe Vyombo

Mnicheke tu, maana hata nikikataa haisaidii, Bangwe nzima wanaijua hii habari, nikipita na bodaboda yangu lazima kuna mtu atapiga kelele "Ticha!"

Iko hivi. Rafiki yangu Zuhura, tumekua wote Gungu, aliitwa usaili wa mapokezi kwenye loji moja kule Bangwe, na kazi aliihitaji kwelikweli, mama yake anaumwa na yeye ndiye anayelisha nyumba, sasa shida Kiingereza. Nikamwambia niachie mimi. (Nimejifunza mwenyewe kwenye simu, sijafundishwa na mtu.) Dawa yangu ni moja: unashika kitenzi, unajua nyuma yake kinafuata nini, halafu unakitumia kutwa kwenye mambo ya nyumbani. Basi tukawa tunakomaa, yeye anaosha vyombo mimi namwimbia "I want you to wash the dishes", tukienda mwaloni Kibirizi, pale wavuvi wanaposhusha samaki, kununua dagaa anawaambia wale kina mama kwa Kiingereza anataka wamwongezee, wanatutukana vizuri tu.

Siku ya usaili nikampeleka. Ningemshusha nikageuza, yangeisha. Lakini nikajisemea ngoja nikae hapa dirishani nimsikilize. Hapo ndipo nilipojimaliza.

Nikamsikia Zuhura anaongea, mara ofisi nzima kwa-kwa-kwa, wanacheka! Zuhura wangu? Damu ikanichemka, nikaingia na helmeti kichwani.

"Mnamcheka nini? Nyie mlizaliwa mnajua Kiingereza?"

Meneja, mama mmoja mtulivu sana (ndio wanaokera hao), akanitazama. "Kijana, wewe nani?"

"Mwalimu wake!"

"Ahaa, kumbe ndiye wewe!" Wakacheka tena. "Haya mwalimu, mgeni wetu yule pale mapokezi anasubiri boti ya kwenda Gombe kuona sokwe, imechelewa. Hebu mwombe avumilie kidogo."

Jambo dogo hilo! Nikageuka, mzungu wa watu kashika kikombe chake cha chai, akanitabasamia, na mimi kichwa kikafutika chote, kikabaki kitu kimoja tu, nikakitoa na hasira zangu zilezile: "I want you to wash the dishes!"

Mzee wa watu akaangalia kikombe. Akaomba radhi. Akakunja mikono ya shati, huyoo jikoni.

Zuhura akamkimbilia, akamrudisha, akamweleza habari za boti kwa Kiingereza kilichonyooka, na pole juu, mpaka akakaa. Kisha akanigeukia.

"We kaka una wazimu? Wameniuliza nani kanifundisha, nikawasimulia ulivyonitukanisha mwaloni. Walikuwa wanakucheka wewe!"

Kazi akapata, ila meneja akaweka sharti: mwalimu asikanyage tena pale ndani.

Sasa namshusha getini, injini hata sizimi. Mtu akimcheka Zuhura bado nitamvaa, hilo siachi, ila kuanzia siku ile nimeapa, kwanza nauliza anachekwa nani. Na juzi yule mgeni karudi kutoka Gombe, kaniona pale getini mbele za watu, kapaza sauti kwa Kiswahili chake cha kuokoteza:

"Mwalimu! Vyombo tayari!"