Dawa ya Trekta Chini ya Sakafu

Marlys Hnatiuk alikuwa fundi bomba kwa miaka thelathini na moja, na hakuna kilichomtia kinyaa kama mwanaume mwenye pesa zake anayejisifu kununua vya bei chee. Pale Dauphin, mji mdogo wa Kanada, wamejaa tele. Kila asubuhi hukaa na kahawa zao kituo cha mafuta, wakitambiana nani kapata nini kwenye mnada wa shamba la marehemu fulani. Rahisi ni ghali, lakini nani awaambie?

Januari ile, baridi ikiwa nyuzi thelathini na nane chini ya sifuri, Orest Pidlubny alimwita kwa sababu sakafu yake, inayopashwa na mabomba ya maji moto yaliyopita chini yake, haipati joto. Marlys alishuka chumba cha chini, akafungulia maji ya mabomba ya sakafuni kwenye ndoo. Yalitoka ya kijani, mazito, yananuka gereji.

"Orest, umetia nini humu?"

"Dawa ya rejeta ya trekta. Pipa zima, nimelipata mnadani! Ile yako ya mabomba ya nyumbani, bei yake ni wizi mtupu. Si zote zinazuia kuganda, mama?"

"Ile haiui mtu. Hii ni sumu. Nilikuandikia kwenye karatasi ununue ipi, nikapigia mstari."

"Ah, imo ndani ya bomba, nani ataifikia? Tena naiongeza kila Jumapili."

Marlys aligeuka. "Unaiongeza? Kwani inakwenda wapi?"

Marlys alipapasa sakafu yote akitafuta panapovuja: kavu. Akafungua boila, mtambo wa kupasha maji. Boila hiyohiyo ndiyo iliyopasha maji ya jikoni, na kati ya maji hayo na sumu palikuwa na kibati kimoja tu, chembamba, nacho kilikuwa kimetoboka.

Alipanda ngazi mbio. Jikoni, Tannis, binti wa Orest, alikuwa akimnywesha mwanawe wa miezi mitano maziwa ya unga aliyoyakoroga kwa maji moto ya bomba. Marlys alimpokonya chupa bila hata salamu.

"Mvalishe. Hospitali, sasa hivi. Mpe daktari chupa hii, mwambie maji yameingia dawa ya trekta."

Tannis alikuwa anahangaika na koti, baba yake alipomvuta kando.

"Mwanangu, si lazima useme nani aliitia. Mji wenyewe mdogo huu."

Marlys alishatoa panya waliooza ndani ya mabomba ya watu, lakini uchafu wa namna hii hakuwahi kukutana nao.

"Nitasema ni babu yake," Tannis akajibu, akamfunga mtoto kofia, akatoka.