Leo nimemunywesha mukamwana wangu

Miko na miaka makumi saba na nane. Vita, kolera, mafuriko, vyote vilishindwa kuniua.
Leo niliogopa, batu wangu!

Mukamwana, bibi ya kijana wangu, iko na mimba na ugonjwa wa sukari. Basi minye, mukubwa wa nyumba, nilificha sukari yote.

Namukuta amekaa chini, anatetemeka.
"Papa, sukari ya damu imeshuka. Munipe sukari!"
"Weye! Unataka kuua mutoto?"
"Bila sukari tutakufa wote wawili!"

Nikakimbia kuileta, nikaikoroga mu maji. Lakini mikono yake ilishindwa kushika kikombe. Na kwetu, baba-mukwe hagusi mukamwana. Mungefanya je?
Nikashika kichwa chake, nikamunywesha polepole.

Akapumua. Akacheka.
"Papa, mutoto anacheza."

Wenye kusema nililia, muulizeni jirani Mama Furaha, hapa mutaani Songo. Aliona yote. Ilikuwa jasho.