Mwalimu Niachie: bosi aliyebeba shida za kila mtu hadi tukakosa maji

Wakuu, salaam aleikum na hamjambo nyote.

Nimesoma uzi wa yule meneja anayelia kwamba "timu yangu hainiachi nipumue". Nimecheka peke yangu. Huyo namjua. Nilisoma shule yake.

Haya ni ya kweli, miaka ya tisini, shule ya bweni ya wasichana Wajir. Jina la shule sitaji. Nilikuwa form three, mwenye haya mpaka kuitika rejista ilikuwa kazi. Nisichoweza kusema nilikiandika kwenye diary, na ndiyo imenikumbusha.

Deputy wetu alikuwa Mwalimu Dahir. Sisi tulimwita Niachie.

Kuni zimeisha? "Niachie."

Mlango wa bweni umeng'oka? "Niachie."

Alitembea mbio na bunda la funguo kiunoni, shati limelowa jasho, akilalamika kwamba bila yeye shule itakufa. Na viranja wakanenepa! Kazi yao ikawa moja tu: kumpelekea shida, kisha kwenda kusukana nywele.

Siku moja Fardosa, kiranja wa maji, akamwendea. Mimi nilikuwa msaidizi wake. (Nilichaguliwa kwa sababu sikujua kukataa.)

"Mwalimu, bambu imekufa." (Pampu ya maji, yaani. Kwetu P hugeuka B.)

"Niachie."

Tukamwachia. Tangi likashuka. Kila tukimuuliza, anatukaripia: "Kwani hamuoni nina mambo mengi?" Tulikuwa tunayaona, mkuu. Yalikuwa mambo ya watu wengine yote.

Mwishowe headmistress akatangaza: Ijumaa ikifika bila maji, shule inafungwa, kila mtu kwao.

Kwa wengine ilikuwa likizo. Mimi kwetu ni Elwak. Ni kupanda juu ya magunia ya lori na kusubiri msafara wenye askari. Na adeer, ndugu wa baba aliyenilea, alikuwa ameshasema: "Ukirudi kabla ya likizo, utabaki." Mume alikuwa ameshatafutwa. Kwa hiyo wakati wenzangu wanahesabu ndoo, mimi nilikuwa nahesabu maisha yangu.

Sasa sikieni kichekesho. Katikati ya hayo Niachie akaitwa mkutanoni Garissa. Akaenda. Na funguo akaenda nazo!

Nafasi yake akashika Madam Mwende, mwalimu wa home science kutoka Kitui, mama mpole asiyepandisha sauti. Tukamkimbilia.

"Madam, bambu imekufa na shule inafungwa!"

"Nimesikia. Mmekuja na nini kingine?"

Kingine kipi?

Akaweka kikombe chini. "Niambieni, huku kwenu ngamia akipotea, nani anamtafuta?"

"Aliyekuwa anamchunga," Fardosa akasema. "Hiyo tunaita baadi, Madam. Unafuata nyayo, unauliza kisima kwa kisima, unataja alama yake."

"Haendi kwa mwenye ngamia kumwambia, 'nitafutie'?"

Fardosa alicheka mpaka akashika meza. "Wallahi watamcheka mpaka ahame!"

"Haya. Na pampu, mchungaji wake ni nani?"

Fardosa akajinyooshea kidole kifuani.

Na hapa ndipo nilipomdharau Niachie kweli kweli. Madam alikuwa mgeni, akauliza tu. Niachie ni mtoto wa wachunga ngamia wa Buna! Baadi ameijua kabla ya kujua A.

Madam akasema, "Mkanda na mafuta, amueni wenyewe. Fundi akitaka kufungua injini nzima, rudini kwanza mniulize. Mlinzi atawasindikiza. Kesho alasiri nitakuja kuangalia tangi."

Basi. Hakutuambia tuende kwa nani.

Tukakata kufuli la chumba cha pampu. Mkanda ulikuwa umekatika. Mkanda tu, wakuu! Fardosa akakumbuka abti yake, kaka wa mama yake, ana gereji ya malori.

Abti akasema kesho kutwa. Tukarudi kwa Madam tukikaribia kulia.

"Amesema kesho kutwa, Madam!"

"Nimesikia. Sasa mnafanya nini?"

Siku hiyo nilimchukia, nimeandika hivyo hivyo.

Tukarudi gereji. Fardosa akaongea, mafundi wakaendelea kunywa chai. Sijui nini kilinipata. Nikasikia sauti inatoka, kumbe ni yangu:

"Abti, hii baadi ni yetu. Hatutoki hapa bila nyayo."

Fundi mmoja akatema chai kwa kicheko. "Waryaa, wewe, mbe mkanda huyu mtoto, atatulalia hapa!"

Mkanda ukafungwa, na kesho yake alasiri Madam alipokuja kuangalia tangi, maji yalikuwa yanatoka, yenye chumvi ile ile ya Wajir. Nilikunywa kama ni maziwa. Ijumaa ikapita, shule haikufungwa, na Elwak nilienda likizo, nikarudi.

Niachie alirudi amevimba. "Nani aliwaruhusu kukata kufuli langu?" Hakuuliza maji yalitoka vipi.

Akiwa bado anafoka, mtoto wa form one akaja analia, godoro lake limechanika. Niachie akanyoosha mkono, uso umeng'aa kama aliyepata riziki yake.

"Niach..."

Fardosa akamshika yule mtoto begani. "Abaayo, dada yangu, sindano unayo? Twende, nikuoneshe unavyoshona."

Wakaondoka. Niachie akabaki na mkono wake hewani.

Ninyi mabosi mnaojisifu kuchoka, huo si uongozi. Ni kuwanyima watu ngamia wao, halafu mnanung'unika kwamba hamna wachungaji. Mpe mtu kazi, mwonyeshe mpaka wake na siku ya kukagua, kisha kaza moyo akirudi na machozi.

Haya wakuu, bosi wako ni Niachie au Madam Mwende? Au Niachie ni wewe? Mwageni hapa. Ila ukileta shida yako, nitakuuliza umekuja na nini kingine.