Tangi Kubwa la Samaki Mmoja

Binti yangu alipopita mtihani wa darasa la nane, shangazi yake alimletea samaki ndani ya chupa ya jemu. Anaitwa beta, akatuambia, na anaishi peke yake kwa sababu akimwona mwenzake ni vita. Mwekundu, mapezi marefu yakimfuata nyuma kama leso. Mimi nilishangaa tu. Sisi watu wa Ukambani samaki tunamjua akiwa kwa sufuria. Lakini mtoto alimpenda papo hapo, na siku ya kwenda bweni, Kidato cha Kwanza, alinishika mkono akasema, "Mama, asikufe. Nikirudi nimpate."

"Hatakufa," nikamwambia. Hata nikaapa.

Sasa nimweke wapi? Chupa ya jemu niliiona aibu. Mimi niko na ugonjwa wangu: nikitaka kitu, nakitaka kikubwa. Hata shule nilimchagulia binti ile kubwa kuliko zote, yenye mabweni mengi mpaka unapotea. Shule ya kutwa ilikuwa hapa hapa Kitengela, lakini hiyo nani angeringa nayo kanisani?

Nikaenda kwa fundi wa madirisha, nikanyoosha mikono yote miwili kumwonyesha urefu.

"Samaki wangapi?"

"Mmoja."

"Mama, mmoja?"

"Wewe kata kioo."

Akaligandisha tangi kwa gundi ya madirisha, likaletwa kwa mkokoteni, majirani wakatoka kuangalia. Nikanunua na pampu ya kuzungusha maji, ile yenye nguvu. Maji yenyewe yalinichanganya. Ya kisima chetu yana chumvi, sabuni haitoi povu. Huyu ananiambia yatamuua, yule ananiambia ni sawa. Mwisho nikachanganya na ya mvua, nikayaacha siku mbili, nikaomba Mungu.

Samaki akaingia, akaenda moja kwa moja nyuma ya jiwe. Akakaa huko. Kesho yake huko. Chakula kinampita kikizunguka na maji, yeye hata hajishughulishi. "Atazoea," nikasema. Wiki ikaisha, rangi ikaanza kumtoka. Woi! Sikuelewa kitu. Nilisimama mbele ya kile kioo nikamgombeza kabisa: "Wewe shida yako ni nini? Umetolewa kwa chupa ya jemu ukapewa jumba, na bado unanuna!"

Barua ikaja kutoka shuleni. Mistari miwili. Yuko sawa, na je, samaki anakula? Huyu mtoto ambaye nyumbani nilikuwa namwambia anyamaze angalau nisikie redio. Nilidhani ni kazi nyingi ya masomo. Nikajibu kwamba anakula vizuri sana. Uongo mtupu.

Aliyetuletea maziwa wakati huo alikuwa mama wa Kimaasai, mcheshi, anayeingia bila kubisha. "Sopa!" akanisalimia kwa Kimaasai. "Epa," nikamjibu bila nguvu. Akaona tangi, akainama, akacheka mpaka kibuyu kikatikisika.

"Hii ni mto umemwekea. Nani anaweza kula akisukumwa hivi?"

"Si ni samaki? Kazi yake ni kuogelea."

"Kwetu ndama mdogo hatumwachi kwa boma na ng'ombe wakubwa. Anawekwa kakona kake, ndani ya nyumba, karibu na mama. Akipata nguvu, anatoka mwenyewe."

Nilikasirika. Mtu wa ng'ombe anifundishe samaki? Lakini alipotoka nilizima pampu. Nikapunguza maji mpaka nusu, nikaziba upande mmoja kwa kipande cha kioo, nikatia majani ya kujifichia na kuacha nafasi ya hewa juu, maana huyu hupanda kuvuta pumzi kama sisi. Siku ya tatu akatoka nyuma ya jiwe. Siku ya nne alinifuata kidole, akala. Nilipiga kigelegele peke yangu jikoni. Kwa nini alikuwa ameteseka kwa starehe nyingi namna ile, bado sikuelewa.

Siku ya kutembelea wanafunzi ikafika. Nikabeba chapati na kuku, na hadithi ya huyo samaki nikaibeba mdomoni. Binti yangu alikuja kwenye nyasi amekonda, sweta inamning'inia. Nikajifanya sijaona. Nikaanza hadithi: tangi, mkokoteni, pampu. "Unajua alikuwa anafanya nini? Anajificha nyuma ya jiwe kutwa nzima. Hali! Chakula kinampita tu."

Nilingoja acheke. Alikuwa ameshika chapati, hajaiuma.

"Mama," akasema, "hata mimi."

Pande zote watu walikuwa wakila na kupiga kelele, na kengele fulani ikalia. Neno lilikuwa tayari mdomoni: utazoea. Nililisikia kabisa kwenye ulimi. Nikamwangalia mkono, ule alionishika nao siku ya kuondoka, umebaki mifupa.

"Sanduku lako liko wapi?" nikamuuliza. "Kalilete."