Jazi ya Dirishani kwa Mama Zuhura

Nimekosa, na hapa mtaani Buzebazeba hakuna anayelijua kosa lenyewe ila mimi na Mungu wangu. Jina langu liacheni. Naeleza kwa sababu nikiendelea kukaa nalo litanimaliza.

Mimi ni fundi cherehani. Nimepanga chumba cha mbele kwa Mama Zuhura na mume wake, mzee wa watu asiyeona. Macho yalimwishia ukubwani. Kila siku akishaswali alasiri hubaki barazani msikitini na wenzake wakipiga soga, kisha jioni anarudi na fimbo yake. Kushikwa mkono hataki kabisa.

Jioni hizo Mama Zuhura alikuwa anaweka redio dirishani na kufungulia jazi ya kwenye flashi. Si dansi ya zamani, hiyo ningeielewa. Ni ile ya tarumbeta na saksafoni, hakuna anayeimba, inapanda, inageuka, hujui inaishia wapi. Mimi mtu wa taarabu. Nataka maneno, nataka vijembe, nijue nani kasemwa leo.

Nikawa namtania. "Mama, huyo mbuzi wenu ana mafua?"

Anacheka tu. "Utazoea, mwanangu. Hata mimi mwanzo nilikuwa siupendi muziki huu. Siku hizi usipolia naona nyumba haina mtu."

Sikuzoea. Mtaa mzima unapiga bongo fleva, kwaya, singeli na nyimbo za Wakongo, sisi tu ndio wa tarumbeta. Wateja walikuwa wananiuliza kama tuna msiba, nami nikawa naona aibu.

Basi siku moja nikanunua spika mpya. Siku hiyo hiyo Mama Zuhura akapata msiba wa nduguye kule mtaa wa Mwanga. Akaiacha redio inalia, akaniambia, "Iache hivyo hivyo mpaka mzee aingie." Nikamjibu haya, Mama. Alipokata kona tu nikaizima, nikaweka taarabu yangu.

Mzee alikuja. Nilimwona kwa macho yangu, mlango ulikuwa wazi. Alisimama njiani mbele ya nyumba, akainamisha kichwa, akatega sikio upande wetu. Nikacheka peke yangu, nikasema leo mzee kanogewa, kapata muziki wenye maneno. Nikaongeza sauti. Jamani, niliongeza sauti! Nikarudi kwenye gauni la mteja, na nilipoinua kichwa hayupo. Nikadhani kapitia dukani.

Vijana walimleta wamembeba. Alikuwa amepita nyumba yake, akaenda mpaka kwenye mtaro mkubwa kule chini, akatumbukia. Nyonga ilivunjika.

Mama Zuhura aliporudi kitu cha kwanza aliniuliza redio. Nikamwambia, "Ilikata yenyewe, Mama." Ulimi wangu haukusita hata kidogo.

Kesho yake nilimpelekea mzee uji hospitali. Akanishukuru, akanieleza bila kuulizwa. "Njia naijua kwa fimbo, ila vichochoro vyetu vinafanana. Na kila nyumba inaimba. Ndipo mke wangu akatafuta muziki ambao hakuna jirani anayeupenda, ili nikiusikia nijue nimefika. Jana nilisikia taarabu, nikajua hapa si kwangu." Nilishika lile bakuli la uji sikujua niliweke wapi.

Sasa mzee hatembei. Amelala ndani, na redio ipo juu ya kabati imefunikwa kitambaa. Juzi nilimwomba Mama Zuhura aufungulie ule muziki japo kidogo. Akanitazama. "Wa nini tena, mwanangu? Mwenyewe yuko ndani."

Jazi hiyo ninayo kwenye simu siku hizi. Nasikiliza na spika za masikioni nikishona, na nimeanza kuipenda, jambo linaloniumiza zaidi. Ikifika jioni siwezi kutazama njiani. Namwona palepale, kainamisha kichwa, anatafuta nyumba yake.

Wewe unayesoma, muziki wa jirani ukikukera, muulize kwanza anampigia nani. Na ukiharibu, sema siku hiyo hiyo, kabla uongo haujapata pa kukaa. Mimi ukuta wetu ni mwembamba, nasikia kila usiku Mama Zuhura akimwambia mumewe, "Nisamehe baba, ningejua nisingekuachia ile redio mbovu."

Redio haikuwa mbovu.