Njiwa Wangu Anaatamia kwa Jirani

Ilianza Jumamosi, saa nne kasoro dakika kumi asubuhi. Saa naijua kwa sababu nilikuwa nimeshika simu ya mama nikisubiri ifike saa nne kamili nigeuze usipa, dagaa wa ziwa letu, kwenye chanja cha kuanikia. Badala ya kugeuza usipa nikamwona njiwa wangu akiingia kwenye banda la jirani kama mtu anayeingia kwake. Hakusitasita mlangoni. Aliinamisha kichwa, akaingia, na papo hapo akatoka njiwa jike mweupe, akanyoosha bawa moja, kisha la pili, akaruka kuelekea ufukweni kutafuta chakula.

Nilielewa, ila nilijifanya sijaelewa. Aliyefuga njiwa anajua kwamba mayai hulaliwa kwa zamu. Jike huyalalia usiku kucha mpaka asubuhi, jua likipanda dume humpokea, naye hukaa mpaka alasiri. Kwa hiyo yule dume wangu, niliyekuwa nadhani kila siku anakwenda sokoni kuokota punje, kumbe alikuwa anakwenda zamu. Jioni anarudi kwangu, anakula mahindi yangu, analala bandani mwangu, na asubuhi anarudi kwa mke. Yaani mimi nilikuwa nyumba ya kulala wageni.

Wacha nieleze huyo njiwa ni nani kwangu, la sivyo mtu ataona nalilia ndege. Mjomba wangu wa Mkumbi ndiye aliyenipa, mwaka juzi, baba alipopanda huko kuuza usipa. Mama wa njiwa huyo alichukuliwa na kipanga juu ya mibuni ya mjomba, akabaki yeye kiotani, hana hata manyoya ya kumfunika, mdomo mkubwa kuliko kichwa. Baba alimleta Mbamba Bay ndani ya kofia. Kila mtu alisema atakufa. Nilikuwa natafuna mahindi mpaka yanakuwa uji, naye anatia mdomo wake ndani ya mdomo wangu anakula. Bibi alikuwa anatema mate akiona. Akakua, akawa wa kijivu, shingo inang'aa kijani, na hakukubali kushikwa na mtu mwingine yeyote. Mimi si mtu wa kuongea. Shuleni mwalimu akiniuliza swali nalijua jibu lakini sauti haitoki. Kwa njiwa yule ilikuwa inatoka.

Jirani zetu ni wageni. Mama mwenye nyumba ni muuguzi aliyehamishiwa hapa kutoka Singida, na ana binti wa rika langu, tuko naye kidato cha tatu. Sitasema ni mbaya, maana si mbaya, na hilo ndilo linaloniudhi. Alipofika tu, kila mtu akamjua. Rafiki yangu, ambaye tulikaa dawati moja tangu kidato cha kwanza, akahamia dawati lake. Bibi yangu, ambaye huniita mimi mke mwenzangu, nilimsikia siku moja kwenye ua anamwita yeye vilevile, nikaenda kuteka maji ambayo hayakuhitajika. Halafu akaletewa yule njiwa mweupe, na fundi seremala akamjengea banda lenye rangi ya bluu, bati jipya, kibao kipana cha kutua, na upande wa mbele wote wazi eti ndege wapate hewa. Banda langu ni masanduku mawili na wavu wa usipa uliochakaa. Ukipita karibu linanuka samaki. Lakini hata kifaranga kimoja hakijawahi kuchukuliwa pale.

Basi nimesimama na simu ya mama mkononi, usipa wanaungua upande mmoja, nikasikia binti wa muuguzi ananiita kutoka upande wa pili wa uzio wa matete.

"Mkwe, njoo uone wajukuu zetu."

Nilikwenda. Yule rafiki yangu wa zamani alikuwa tayari yuko pale, amekaa kwenye ndoo iliyopinduliwa anakula muwa. Binti wa muuguzi akanionyesha jinsi ya kupanda kwenye kigoda nichungulie. Njiwa wangu alikuwa amejitandaza juu ya mayai, ametuna. Alinitazama kwa jicho moja na hakusogea. Binti akapitisha mkono wake kando yangu, akamkuna shingoni kwa kidole, na yeye akafumba jicho.

Akaniambia amempa jina, la mchezaji wa mpira anayempenda kaka yake, na kwamba akiitwa hilo huitika. Mimi sikuwahi kumpa jina. Nilikuwa namwita tu wewe.

"Kumbe shemeji alikuwa anachepuka," alisema rafiki yangu wa zamani, akatema makapi ya muwa. "Na mwenye mume hana habari."

Walicheka wote wawili, nami nikatabasamu kwa sababu sikujua la kufanya na uso wangu. Nikasema usipa wanaungua, nikaondoka. Nyumbani bibi alikuwa ameshasikia yote kupitia uzio. Akanipokea na yake: kwamba mume wetu ana nyumba ndogo, tena ya bati jipya, na sisi wake wakubwa tutabaki na harufu ya samaki. Siku nyingine ningecheka. Siku hiyo niligeuza usipa kwa hasira mpaka wengine wakavunjika vichwa, mama akaniuliza kama nageuza au natwanga.

Mchana nilikaa kulinda chanja, maana ndiyo kazi yangu Jumamosi. Mwewe wa hapa wanaishi kwa usipa wetu. Wanazunguka juu, wanashuka, wanachota wanne watano kwa kucha, wanakula wakiwa wanaruka. Ukipunga kitambaa wanahama chanja yako wanakwenda ya mwenzako, ndiyo maana sisi walinzi tunachukiana. Hatuwaogopi. Mwewe aliyeshiba usipa hana haja ya kifaranga. Anayewafahamu anajua kwamba siku za kuogopa ni siku za mbalamwezi. Mwezi ukiwa mkubwa taa za wavuvi hazivuti samaki, mitumbwi hailali majini, chanja zinabaki tupu, na mwewe wale wale wanaoonekana wapole wanahamia kwenye nyua za watu. Siku hizo mtoto yeyote wa hapa, hata wa chekechea, anaamka na kufunika vifaranga kwa tenga kabla hajanawa uso. Haambiwi.

Wageni hawajui. Na binti wa muuguzi alikuwa na mchezo wake ambao watoto wa mtaa mzima walikuwa wanaupenda. Mama yake akipasua samaki, yeye huchukua matumbo, anasimama katikati ya ua wao, anarusha juu, na mwewe anashuka anadaka hewani. Alikuwa anafanya hivyo karibu kila alasiri. Alikuwa anawafundisha mwewe njia ya kwake.

Jumamosi hiyo alifanya tena. Nilimwona kupitia matete. Mwewe wa kwanza alidaka. Wa pili alikosa, akapinda, akapita juu ya banda la bluu chini kabisa, na yule jike mweupe aliyekuwa kwenye kibao akajilaza bapa kama karatasi iliyomwagiwa maji. Kucha zilimpita mgongoni. Unyoya mmoja ukapeperuka, ukatua kwenye beseni la nguo. Weupe ule unaonekana hata kutoka katikati ya ziwa, sembuse angani.

"Anamtania," binti alisema, na watoto wakacheka.

Hakuwa anamtania. Mimi nilijua, nilikuwa hatua chache tu kutoka hapo, na nilinyamaza. Naandika nilichofikiri, maana hapa sina wa kumwonea haya. Nilifikiri: mchukue. Nilifikiri akichukuliwa yule mweupe, njiwa wangu hatakuwa na sababu ya kwenda kule, atakaa kwangu siku nzima kama zamani. Niliwaza hata jinsi nitakavyompa pole binti wa muuguzi, kwa sauti ndogo, na jinsi rafiki yangu wa zamani atakavyoona nina roho nzuri.

Jioni tukakusanya usipa wa mwisho kwenye magunia. Mama akatazama mwezi uliokuwa umeshatoka jua likiwepo, akasema wavuvi hawashuki leo wala kesho, vifaranga vifungwe. Akaniambia mimi, kwa sababu ndimi niliyekuwa karibu. Sikuipeleka habari hiyo upande wa pili wa uzio.

Njiwa wangu alirudi saa yake ya kawaida. Alikula kwenye kiganja changu kama mtu asiye na kosa lolote. Akaingia kulala. Nikafunga mlango wa banda kwa waya, nikausokota mara nyingi kuliko siku zote. Bibi alikuwa amekaa kwenye mkeka anachambua maharage.

"Ukimfungia kesho, yale mayai yatapoa," alisema.

"Yapoe," nilijibu.

Ni neno baya kumjibu bibi. Nilitegemea anigombeze au aanze utani wake. Badala yake aliokota jiwe dogo kwenye maharage, akalitupa, akaendelea kuchambua, nami nikabaki nimesimama na lile neno langu mpaka nikaingia ndani.

Asubuhi ya Jumapili niliamka kabla ya kengele ya kwanza ya kanisa. Niliamshwa na njiwa wangu. Alikuwa anagonga wavu kwa kifua. Anatembea mpaka kona moja, anagonga, anageuka, anatembea mpaka kona nyingine. Nilimpa mahindi kwenye kiganja. Akayakanyaga. Jua lilikuwa bado halijapanda, zamu yake haikuwa imefika, lakini alikuwa anajua mlango umesokotwa. Nilimwambia maneno yote ninayomwambiaga. Alinipiga kwa bawa kwenye mkono. Hajawahi kunipiga.

Nilipoinua macho niliwaona. Kwenye nguzo za chanja zetu tupu walikaa mwewe wawili, na wa tatu alikuwa juu ya bati la choo cha jirani, ametazama lile banda la bluu. Hawakuwa wanazunguka. Walikuwa wametulia kama watu waliofika mapema kwenye karamu. Kwenye kibao hapakuwa na mtu bado, jike alikuwa ndani juu ya mayai, lakini upande wa mbele uko wazi na weupe wake ulionekana mpaka nilipokuwa.

Halafu mlango wao wa jikoni ukafunguka, binti wa muuguzi akatoka na sahani ya matumbo ya samaki wa jana, bado amejifunga khanga ya kulalia, akatazama juu akitabasamu, akainua mkono.

"Usitupe," nilisema.

Nilisema kwa nguvu mpaka mama akachungulia dirishani. Yule binti akabaki na mkono hewani. Nilipita kwenye tundu la uzio, matete yakanichana, nikasimama mbele yake. Nilimwambia leo chanja ni tupu, na kwamba wale hawajaja kuchukua matumbo, wamekuja kumchukua yule. Nilimweleza habari ya mwezi, haraka haraka, sidhani kama nilipanga maneno vizuri. Alitazama bati la choo, akatazama banda lake. Akaishusha sahani chini taratibu, akaifunika kwa sufuria.

"Mama yako alijua jana?"

"Hata mimi nilijua."

"Mbona hukuniambia?"

"Sikutaka," nilisema.

Nilidhani atanitukana, na ingekuwa afadhali. Akauliza tu tufanye nini sasa.

Nilirudi kwetu nikachukua kipande cha wavu stoo, kile ambacho mama anafungia magunia. Nikasokotoa waya wa banda langu, nikamshika njiwa wangu kwa mikono miwili, moyo wake unapiga kwenye vidole vyangu, nikamfunika na upande wa khanga asiwaone mwewe wala wao wasimwone. Binti alishika kigoda, mimi nikapanda. Jike alinitunia kutoka kwenye mayai. Nilimweka dume kwenye kona, akajikung'uta, akatembea moja kwa moja mpaka kwa yule mweupe, akasimama karibu naye, akatulia. Hakunigeukia.

Nilianza kufunga wavu kuanzia juu ya bati, matundu madogo ya usipa, hata kucha moja haipiti. Nilikuwa nafunga mafundo ya kivuvi aliyonifundisha baba, na binti alikuwa ananipa kamba moja moja kutoka chini.

"Ukifunga hivyo naye yumo ndani, hatarudi kwako kulala," alisema.

"Najua."

"Utakuwa unakuja kumwona."

Nilikuwa nimeshika kamba kwa meno. Mwewe wa kwenye bati alishuka mara moja, akapita juu yetu karibu sana, nikasikia upepo wake sikioni, akaenda kutua kwenye nguzo pamoja na wenzake. Nilikaza fundo la mwisho, nikalivuta kulijaribu, nikashuka. Mama yake, yule muuguzi, alikuwa ametoka na kikombe mkononi. Nikamwamkia shikamoo, akaitika marahaba mwanangu, akanikaribisha chai, kuna na vitumbua.

Nikamwambia nimeshakunywa. Haikuwa kweli. Nilipita tena kwenye tundu la uzio, nikanawa damu ya matete mikononi, nikavaa gauni la kanisani, nikamshika bibi mkono tukaenda misa.